Jalada Moja, Mwenye Jalada Mmoja: Jinsi ya Kuratibu Uchunguzi wa Utumishi wa Umma Nchini Uganda

Katika kabati la mhasibu wa wilaya moja ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako niliwahi kufanya kazi ya ukaguzi wa ndani, palikuwa na pengo la upana wa boksi faili moja. Mtu alikuwa amechomeka hapo kipande cha karatasi chenye maneno ya kalamu ya buluu: "Imechukuliwa kwa uchunguzi." Sahihi ilikuwepo, lakini hapakuwa na tarehe, jina wala ofisi. Boksi hilo lilikuwa na vocha za malipo ya jengo la madarasa mawili la shule ya msingi, na katika msimu huo mmoja wachunguzi wa vyombo vitatu walikuwa wamepita wakiulizia jengo hilohilo. Kila aliyeulizwa alidhani mwenzake ndiye aliyelibeba. Miezi kadhaa baadaye mhasibu alisimama mbele ya kamati akiwa na fotokopi zisizo na muhuri, akaonekana kama mtu anayeficha kitu, na shauri lenyewe halikufika mbali, kwa sababu hakuna aliyeweza kueleza vocha halisi zilipitia mikononi mwa nani.

Wengi wakisikia neno uratibu huwaza mikutano ya Kampala, hati za makubaliano zinazotiwa sahihi mbele ya kamera, na chakula cha mchana. Mambo hayo yana nafasi yake, lakini uratibu unaomsaidia mwananchi na usiomchosha mtumishi asiye na hatia huanza na swali dogo zaidi: jalada hili ni la nani, na je, wengine wote wanalijua hilo kwa maandishi? Mwongozo huu umeandikwa kwa maofisa wa mikoa na wilaya, makatibu wa kamati na wakaguzi wa ndani, yaani watu ambao kazi ya vyombo vikubwa hukutana mezani kwao.

Fahamu mpaka wa kila chombo kabla ya kuandika barua

Mkaguzi Mkuu wa Serikali amepewa kazi yake na Ibara ya 163 ya Katiba ya 1995 pamoja na Sheria ya Ukaguzi ya Taifa ya 2008. Yeye hukagua na kutoa taarifa, hashtaki mtu. Ofisi ya Inspekta Mkuu wa Serikali, ambayo karibu kila mtu huiita IGG, imeanzishwa na Sura ya 13 ya Katiba hiyohiyo, na Ibara ya 230 inaipa uwezo wa kuchunguza, kukamata na kushtaki katika makosa ya rushwa na ya matumizi mabaya ya madaraka. Ofisi hiyo pia hupokea matamko ya mali ya viongozi, ambayo hutolewa mwezi Machi kila baada ya miaka 2, na ukiukaji wa kanuni za uongozi husikilizwa na Baraza maalumu lililoanza kazi mwaka 2020. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hufanya kazi chini ya Ibara ya 120, inayomruhusu hata kuchukua na kuendeleza kesi ya jinai iliyofunguliwa na mamlaka nyingine. Mamlaka ya ununuzi wa umma, PPDA, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, hufuatilia zabuni na mikataba. Mamlaka ya Taarifa za Fedha hupokea taarifa za miamala yenye mashaka kutoka benki na kuzipeleka kwa wachunguzi, nazo huonyesha njia tu, kwa hiyo atakayezipata lazima atafute mwenyewe nyaraka za benki zinazoweza kusimama mahakamani. Kitengo cha Kupambana na Rushwa cha Ikulu, kilichoundwa Desemba 2018, hufanya kazi pamoja na polisi na waendesha mashtaka.

Bunge nalo lina kamati zake za hesabu: ile ya Hesabu za Umma kwa serikali kuu, ile ya serikali za mitaa, na COSASE inayoshughulikia tume na mashirika ya umma. Kamati hizi zinaweza kumwita waziri au mtumishi yeyote na kudai nyaraka kwa nguvu zinazofanana na za Mahakama Kuu. Wilayani ipo kamati ya hesabu za umma ya wilaya, inayosoma ripoti za mkaguzi wa ndani na za Mkaguzi Mkuu, halafu Kamishna Mkaazi wa Wilaya anayemwakilisha Rais, na Tume ya Utumishi ya Wilaya ambayo ndiyo yenye neno katika nidhamu ya watumishi. Juu ya hao wote Kurugenzi ya Maadili na Uadilifu huitisha jukwaa la pamoja la vyombo vinavyopambana na rushwa.

Ukihesabu, hao ni manahodha wengi, na chombo chenye manahodha wengi huenda mrama. Hata hivyo sishauri wapunguzwe, kwa kuwa kila mmoja ana jambo ambalo mwingine hawezi kulifanya kisheria. Andika orodha hii kwenye karatasi moja, na mbele ya kila jina jaza mambo mawili tu: linaloweza kufanywa na chombo hicho peke yake, na lile ambalo hakiwezi kulifanya kabisa. Kwa mfano, IGG hana mamlaka ya kupitia uamuzi wa mahakama wala suala ambalo tayari liko mbele ya mahakama. Ofisa anayelijua hilo hapotezi wiki sita akisubiri jibu ambalo sheria inazuia lisitolewe.

Amua mwenye jalada mlangoni

Barua ya malalamiko ya Uganda inajulikana kwa mkia wake. Chini ya sahihi hufuata "nakala kwa": IGG, Kamishna Mkaazi wa Wilaya, Afisa Mkuu Mtendaji, mwenyekiti wa LC5 (baraza la wilaya), mbunge, Ikulu, polisi. Mwandishi anadhani amepiga ngoma mlangoni kwa watu saba na kwamba angalau mmoja ataamka. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba kila ofisi huiona orodha ile, huamini kwamba yule mkubwa zaidi ndiye atakayeanza, na huiweka barua kwenye jalada la "kwa taarifa". Pengine hutokea kinyume chake, nacho ni kibaya vilevile: ofisi tatu zinaanza siku hiyohiyo, zinawahoji mashahidi walewale, na kila shahidi anatoa maelezo matatu yasiyolingana kwa tarehe na viwango, na wakili wa utetezi atayapenda sana.

Kwa hiyo anza hivi. Ofisi yoyote inayopokea barua yenye mkia wa namna hiyo ipige simu au iandike barua pepe siku hiyo hiyo kwa ofisi zilizotajwa na kuuliza jambo moja: nani ameshafungua jalada? Aliyetangulia kufungua ndiye mwenye jalada kwa muda, mpaka itakapoonekana kwamba kiini cha jambo ni cha mwingine. Kama kiini ni zabuni iliyopindwa, PPDA ipewe nafasi ya kwanza ya kusoma nyaraka za ununuzi. Kama ni rushwa ya wazi yenye mtu anayeweza kukimbia au kuharibu ushahidi, liende kwa IGG au kwa upelelezi wa polisi bila kuchelewa. Kama ni mtumishi anayechelewa kazini, ni la afisa masuuli na Tume ya Utumishi ya Wilaya, na hakuna sababu ya kuisumbua Kampala. Uhamisho wa jalada kutoka ofisi moja kwenda nyingine ufanywe kwa barua yenye namba za jalada la zamani na la jipya, na mlalamikaji aandikiwe mistari miwili kumwambia jambo lake liko wapi. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayomfanya mwananchi aandike barua nyingine yenye mkia mrefu kuliko ya kwanza.

Pawepo tahadhari moja kubwa. Sheria ya Ulinzi wa Wafichuaji ya 2010 inamruhusu mtu kupeleka taarifa kwa ofisi nyingi, zikiwemo IGG, Mkurugenzi wa Mashtaka, Tume ya Haki za Binadamu, Kurugenzi ya Maadili, ofisi ya Kamishna Mkaazi wa Wilaya, Bunge na polisi, na inatoa asilimia 5 ya fedha zitakazorejeshwa kwa mfichuaji. Unapouliza ofisi nyingine nani amefungua jalada, taja jambo, mradi na mwaka wa fedha, lakini usitaje jina la mtu aliyeleta habari. Katika wilaya ndogo hata kusema "mwalimu mmoja wa kike wa shule ile" kunatosha kumtambulisha.

Kalenda

Hili ni jepesi. Mwaka wa fedha huisha Juni 30, afisa masuuli hupeleka hesabu ndani ya miezi 2, yaani kufikia Agosti 31, na Mkaguzi Mkuu hukabidhi ripoti yake Bungeni kufikia Desemba 31. Baada ya hapo Katiba inalipatia Bunge miezi 6 kuijadili na kuchukua hatua. Maana yake ni kwamba baada ya Agosti idara ya fedha ya wilaya huwa imeelemewa na wakaguzi, na chombo kingine kinachotaka ukaguzi wa kawaida, usio wa dharura, kingechagua miezi mingine. Wizara ya Utumishi wa Umma ina idara ya ukaguzi, na ziara zake za wilayani zinaweza kupangwa pamoja na za wizara nyingine ili kundi moja lije na gari moja na orodha moja ya maswali. Ofisa wa wilaya asisubiri kuombwa: mwezi Julai aandike kalenda ya mwaka ya wageni anaowatarajia na kuituma kwa ofisi za kanda, ambazo kwa IGG na kwa Mkaguzi Mkuu zipo katika miji kama Arua, Gulu, Mbale na Mbarara.

Kalenda ina faida ya pekee katika suala la wafanyakazi hewa. Wizara ya Utumishi, Wizara ya Fedha, Mkaguzi Mkuu na IGG wote wana sababu halali ya kuhakiki orodha ya mishahara. Mwalimu wa shule iliyo kilomita 40 kutoka makao makuu ya wilaya hupanda bodaboda akiwa na kitambulisho cha taifa, barua ya kuajiriwa na barua ya kuthibitishwa kazini, anapanga foleni chini ya mwembe, na baada ya miezi michache anaitwa tena kufanya hayohayo mbele ya watu wengine. Darasa lake limekaa bila mwalimu mara zote mbili. Vyombo hivi vikikubaliana juu ya fomu moja ya uhakiki, yenye namba ya kitambulisho na namba ya mshahara zilizopangwa kwa utaratibu mmoja, wa pili anaweza kuanza na kazi ya wa kwanza na kuwaita wale tu wenye dosari. Kubadilishana orodha hizo kufanywe kwa barua inayotaja sababu na mtu atakayezitunza, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inazibana pia ofisi za serikali.

Nyaraka halisi

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Sheria ya ushahidi ya Uganda inataka, kwa kawaida, waraka uthibitishwe kwa waraka wenyewe, na nakala hukubaliwa kwa sababu maalumu tu. Kwa hiyo vocha moja halisi inaweza kuhitajika na mkaguzi anayefunga hesabu, kamati inayohoji, mchunguzi wa IGG na mwendesha mashtaka, nayo haiwezi kuwa mahali pane kwa wakati mmoja.

Baada ya kisa cha boksi, tulinunua daftari gumu, lile la jalada jeusi lenye mistari miekundu pembeni, tukalichora safu saba: tarehe, namba ya waraka, maelezo, idadi ya kurasa, jina na ofisi ya anayechukua, sahihi, na tarehe ya kurudisha. Daftari lilikaa masijala, si kwa mhasibu, kwa kuwa mhasibu anaweza kuwa ndiye anayechunguzwa. Kabla waraka haujatoka, kurasa zake zilipigwa namba kwa penseli kwenye kona, zikatolewa fotokopi, na kila ukurasa wa fotokopi ukagongwa muhuri na kutiwa sahihi na afisa aliyeuona waraka halisi. Nakala hizo ndizo zilizobaki kabatini, na ndizo alizopewa mgeni wa pili na wa tatu. Mgeni wa pili aliyehitaji waraka halisi alielekezwa kwa yule wa kwanza, kwa jina na namba ya simu. Katika miezi ya mwanzo wachunguzi wawili walikataa kutia sahihi, wakisema kwamba ofisi yao haiulizwi maswali na wilaya. Nilijifunza kutobishana nao, bali kuandika mbele yao, kwa sauti, "amekataa kutia sahihi", pamoja na saa na jina la shahidi aliyekuwepo. Wote wawili walitia sahihi.

Chombo kinachochukua waraka nacho kina wajibu wake. Kiache orodha, kisichukue zaidi ya kinachohitajika, na kirudishe kinapomaliza, kwa kuwa mkaguzi wa mwaka unaofuata ataandika hoja ya "malipo yasiyo na viambatisho" dhidi ya mtu ambaye viambatisho vyake viko ndani ya kabati la serikali kilomita mia nne kutoka hapo.

Mnapochunguza pamoja, msihukumu pamoja

Mkaguzi Mkuu hayuko chini ya maelekezo ya mtu katika kazi yake, na Ibara ya 227 inaipa ofisi ya IGG uhuru kama huo. Kwa sababu hiyo uratibu una ukingo, na ukingo huo ni matokeo. Vyombo vinaweza kushirikiana katika ratiba, orodha za nyaraka, wataalamu kama mhandisi wa kupima unene wa zege, na usafiri. Havipaswi kukaa mezani na kukubaliana nani ana hatia, wala kubadilisha maneno ya ripoti ili zifanane. Ripoti mbili zinazotofautiana kwa hoja zina thamani kubwa kuliko moja iliyolainishwa.

Kuna pia suala la kunyamaza kwa wakati wake. Kamati ya Bunge hufanya kazi hadharani, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, lakini mchunguzi wa jinai huhitaji wiki chache za ukimya kabla mshukiwa hajajua kinachotafutwa. Mwaka 2023, sakata la mabati ya msaada ya Karamoja, yaliyogawiwa mawaziri na wakubwa wengine, liliposhughulikiwa na kamati ya Bunge huku polisi nao wakipeleleza, kila Mganda alifuata mambo yote mawili kwenye redio kwa wakati mmoja. Katibu wa kamati anaweza kumuuliza mchunguzi, kabla ya kupanga siku ya kikao, kama kuna shahidi ambaye bado hajaandika maelezo. Kuahirisha kikao wiki mbili si kusalimu amri, mradi barua ya ombi ina tarehe ya mwisho. Ombi lisilo na tarehe likataliwe, kwa kuwa maneno "uchunguzi unaendelea" yamezika ripoti nyingi katika nchi hii.

Pia mjue mapema nani atashtaki. Ibara ya 28 ya Katiba inamkinga mtu asishtakiwe tena kwa kosa ambalo ameshahukumiwa au kuachiwa huru. Kesi ndogo iliyofunguliwa kwa haraka na ofisi moja inaweza kuwa ngao ya mshtakiwa dhidi ya kesi kubwa ambayo ofisi nyingine ilikuwa inaijenga kwa uvumilivu. IGG na Mkurugenzi wa Mashtaka wote hupeleka kesi zao kwenye Divisheni ya Kupambana na Rushwa ya Mahakama Kuu, iliyopo tangu 2008, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kutouliza masijala yake kabla ya kufungua.

Nani anafuta hoja

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ya Oktoba 2012 kuhusu fedha za ufufuaji wa kaskazini mwa Uganda ilionyesha jinsi fedha zilivyochotwa katika Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa njia iliyogusa pia Wizara ya Fedha na Benki Kuu. Wafadhili walisitisha misaada, na Uganda iliirudishia Ireland euro milioni 4. Ni mfano mzuri wa pendekezo lililofika mwisho wake, kwa sababu palikuwa na mtu nje aliyekuwa akilidai. Mapendekezo mengi hayana mdai.

Tengeneza jedwali moja la wilaya, si moja kwa kila chombo. Kila mstari ubebe pendekezo, chombo kilichotoa, mwaka, ofisa mhusika kwa cheo, hatua iliyochukuliwa na uthibitisho wake. Mapendekezo yanayorudiwa na vyombo viwili yaandikwe mstari mmoja wenye vyanzo viwili, na hapo utashangaa jinsi orodha inavyofupika. Sheria ya jedwali ni hii: hoja hufutwa na aliyeiandika, kwa barua. Afisa masuuli anaweza kuandika "imetekelezwa", lakini mstari unabaki wazi mpaka barua ifike. Kamati ya hesabu ya wilaya isome jedwali hilo kila robo mwaka, ikianza na mistari ya zamani zaidi, na nakala iende kwa Kamishna Mkaazi wa Wilaya na kwa wakaguzi kabla hawajaja.

Sehemu ya jedwali hilo isomwe pia barazani. Mikutano ya hadhara inayoratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu tangu 2009 huitwa Baraza, kwa neno letu wenyewe la Kiswahili, na gombolola nzima, yaani wilaya ndogo, inaweza kusimama na kuuliza kwa nini kisima cha pampu kilicholipiwa hakitoi maji. Mkaguzi anayehudhuria akiwa na orodha ya malipo mkononi hupata kwa saa mbili kile ambacho vocha hazitamwambia kwa wiki mbili. Katika miji ya mpakani kama Busia, au huku kwetu Arua ambako sokoni husikika lugha nne, tafsiri iandaliwe mapema, na anayeandika muhtasari aandike maneno ya msemaji kama alivyoyatoa.

Mwisho, makabidhiano. Maofisa huhamishwa, mara nyingine kwa notisi ya siku chache, na daftari la nyaraka pamoja na jedwali la hoja huwa vya kwanza kupotea. Siku ya kuondoka, anayeondoka na anayeingia wakae na mkuu wa masijala, wapitie kila mstari usio na tarehe ya kurudisha, wapige simu kwa kila ofisi yenye waraka wa wilaya kuuliza kama bado wanao, na wote watatu watie sahihi chini ya mstari wa mwisho, kisha wachore mstari mwekundu na kuanza ukurasa mpya.